Shemasi Aliyepika Karatasi

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba jirani yangu alikuwa mpishi wa sherehe, wale wanaoitwa Jumamosi kwenda kupikia harusi na misiba. Ushahidi nilikuwa nao. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa dirishani na kikombe changu cha chai na kaptula ambayo mke wangu ameshaitupa mara mbili na mimi nikaiokota mara mbili, nilimwona akipakia gari. Begi refu jeusi, nikajua ni la hema. Miwani mikubwa ya plastiki, nikajua ni ya kukatia vitunguu. Hedifoni nene za kuziba masikio, nikajua ni za kusikilizia mapambio. Na vifuko viwili vilivyoshonwa kwa miguu ya suruali ya jinzi, vimejaa mchele. Hapo tena utamwambia nini mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne?

Na nilimuuliza, msiseme sikuuliza.

"Shikamoo Shemasi. Safari ya wapi?"

"Marahaba, petit." Ndivyo anavyoniita, mdogo wake kwa Kifaransa. "Niko naenda kupika."

"Unapika nini leo?"

"Karatasi tu."

Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu kwamba Wakongo wana chakula kinaitwa karatasi. Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akirudi hana nguvu za kubishana na mtu aliyelala kwenye sofa. Akasema, "Labda ni samaki wa kufungwa kwenye karatasi ya kung'aa." Tukakubaliana hivyo, tukaendelea na maisha.

Shemasi akirudi jioni nilimuuliza tena, kwa adabu ya mtu anayenusa sahani.

"Vipi, umepikaje?"

"Mubaya, petit. Zote zimetawanyika."

"Pole sana."

Jumamosi nyingine akashuka garini anacheka peke yake. "Leo bien! Zimeshikana, zote tano. Kifuniko cha soda kinazifunika."

Nilimsikitikia. Kwetu wali ukishikana mpishi anatafuta mlango wa nyuma, na huyu mzee masufuria matano yameshikana, yeye anachekelea. Nikamwambia mke wangu, "Kumbe ndiyo sababu hatuletei hata kidogo. Anaona aibu."

Jina lake analo, lakini Waswahili wote wa Grand Prairie, Texas, tunamwita Shemasi, kama kwamba mama yake alimpa cheo kabla ya jina. Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, sikuuliza. Najua alitokea upande wa Kalemie, akakaa kambini Kigoma miaka ambayo mwenyewe huitaja kwa kupunga mkono, kisha akaletwa hapa, akapewa kazi ghalani, zamu moja na mimi. Yeye anaendesha foklifti, mimi nabandika vibandiko kwenye maboksi. Kila mtu na kipaji chake.

Cha kwanza utakachokiona kwake ni kamba. Ibada yetu ya Kiswahili tunaifanyia katika ukumbi wa kukodi, na Jumapili Shemasi hufika kabla ya wote kupanga viti. Hapangi kwa macho. Anafunga uzi kwenye mguu wa kiti cha kwanza, anauvuta mpaka ukutani, viti vyote vinafuata. Siku moja nilisogeza changu kidogo ili nipate upepo wa feni. Alikuja katikati ya sala, macho ameyafumba kama waumini wengine, akakirudisha kwa goti.

Cha pili ni daftari. Ana daftari la shule la mistari, na maisha yake yote yanaongozwa na amri moja iliyoandikwa juu ya jalada: *Badilisha kimoja.* Mwaka ule mimi niliamua kuacha sukari, kuanza mazoezi, kuhamia zamu ya asubuhi na kusoma Biblia nzima, vyote Jumatatu moja. Kufika Alhamisi nilikuwa kwenye sofa nakula keki. Shemasi alikuja kuniona kama mgonjwa.

"Weye ulibadilisha bine," alisema. Vinne, kwa Kiswahili changu. "Sasa utajuaje ni kipi kimekuangusha? Badilisha kimoja, andika, ngojea. Doucement, polepole."

Cha tatu ndicho hatukukisema kwa muda mrefu.

Mwaka 2017, mwaka niliohamia pale, niliwaalika majirani siku ya Julai nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Kuchoma nyama nje ya nyumba yangu ndio mwisho wa safari zangu za utalii. Shemasi alikaa upande wa pili wa meza ya plastiki na mkewe, Mama Shemasi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha lori. Jua lilikuwa bado juu. Sheria ya mji inakataza fataki, lakini vijana wa jengo la nyuma hawakuwa na subira na sheria wala na giza. Wakawasha mkanda mzima.

Nilipogeuka, kiti cha Shemasi kilikuwa kitupu. Alikuwa chini ya meza. Mzee wa watu, shati jeupe, tai, amelala kifudifudi juu ya nyasi, mkono mmoja umefunika kichwa, na mkono wa pili umeishika ndala ya mkewe kama anataka kumvuta naye ashuke. Hakuna aliyecheka. Mama Shemasi hakuangalia chini. Aliweka kiganja juu ya meza, akasema kwa ile sauti yake, "Nyama hii ina chumvi nzuri." Sote tukasema ndiyo, chumvi nzuri, chumvi nzuri sana, mpaka Shemasi alipotoka, akapangusa magoti, akaendelea kula. Sijapata kushtuka kiasi kile, na sikujua kwamba huo ulikuwa mwanzo tu.

Basi ilifika Jumamosi moja ya mwisho wa 2018, njaa ikaishinda aibu. Nilimwambia Shemasi, "Leo nichukue. Na mimi nataka kuona unavyopika."

Alilaza begi garini, akageuka. "Weye? Utoke nyumbani?"

"Natoka."

"Ulete nini?"

"Nitajitegemea."

Nikajitegemea. Nilibeba sahani yangu, kijiko na chupa ndogo ya pilipili ya mke wangu. Tuliendesha kusini nusu saa, mpaka nyumba zikaisha, tukakata kona ya barabara ya changarawe. Nikaanza kusikia milio. Nikasema kimoyomoyo, harusi ya Texas hii, wameshaanza fataki. Shemasi akaegesha, akafungua begi refu la hema, na ndani yake hakukuwa na hema.

Ilikuwa bunduki. Nyeusi, ile aina inayojipakia yenyewe, ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja na nyingine inakaa tayari. Nimesimama pale na sahani kifuani. Yeye akaitazama sahani, akatazama kijiko, akatazama pilipili. Nikaona uso wake unavyoanza kuelewa taratibu.

"Petit," alisema. "Ulifikiri niko naenda kupika... *ya kula*?"

Hapo ndipo dunia iliponigeukia. Sisi Watanzania tunapiga; wenzetu wa kule kwao wanapika. Wanapika simu, wanapika picha, wanapika makofi kanisani. Na mimi nilikuwa nayasikia hayo yote kila Jumapili, nikiyaelewa vizuri kabisa! Lakini mtu mwenye njaa akiona mchele, akili inakwenda likizo. Mchele wenyewe haukuwa wa kula. Mtutu unahitaji kulazwa juu ya kitu kisichoyumba, na dukani vifuko maalumu vinauzwa bei, kwa hiyo Shemasi alikata suruali yake ya zamani, akashona, akajaza mchele uliokuwa umeingia wadudu. Karatasi ilikuwa karatasi kweli: shabaha, yadi mia moja mbele yetu. Na "zimeshikana" yalikuwa matundu ya risasi.

Nilikaa kwenye benchi, sahani mapajani, nikamtazama shemasi wa kanisa langu akipakia risasi. Nywele zilinisimama, na sina nyingi.

Kwenye meza ya jirani palikuwa na Mmarekani mwenye bunduki iliyofanana na ya Shemasi, lakini ya kwake ilikuwa imevishwa kama bibi harusi: mtutu mpya, darubini mpya, miguu ya kukunja, mpaka kitako kilikuwa na mto. Alimshauri Shemasi anunue mtutu kama ule. Shemasi akamshukuru, akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Kwanza mupikaji, kisha sufuria." Ukisikia msemo huo kwa mara ya kwanza ukiwa umeshika kijiko, unakuingia vizuri sana.

Daftari lilieleza yote. Bunduki aliinunua kuukuu kwa mfanyakazi mwenzetu, hati zake zote safi, na mwanzoni matundu yake yalienea kama mbegu za kumwagika. Akabadilisha kimoja. Akakaza skrubu za darubini, zilikuwa zinacheza, matundu yakasogeleana. Akaandika, akangojea. Akajaribu risasi za aina nne, boksi moja moja, siku tofauti, akakuta bunduki yake haipendi zile za bei ya chini kabisa wala zile za bei ya juu, inapenda za katikati. "Ni kama tumbo," aliniambia. "Linachagua." Akatengeneza vifuko vya mchele. Akaanza kuisafisha kwa utaratibu uleule kila mara. Nyumbani, bunduki tupu, ameikagua mara tatu na risasi zimefungiwa chumba kingine, aliweka sarafu juu ya mtutu akavuta triga taratibu mpaka sarafu ikaacha kuanguka. Hakuna alichonunua isipokuwa risasi.

"Sasa imebaki nini?" nikamuuliza.

Alinipa magazini, kisanduku cha kupakilia risasi, na risasi mbili za plastiki za mazoezi, zisizolia. "Chomeka hizi katikati ya zile za kweli. Usinionyeshe ni wapi."

Kwa mtu anayebandika vibandiko, hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Nikapakia. Akavaa miwani yake ya vitunguu, akalala juu ya mchele. Ya kwanza ikalia, nikaruka. Ya pili ikalia, nikaruka tena. Ya tatu ilikuwa plastiki. Akavuta triga, ikasema tik, na mtutu ukainama wenyewe, puu, kama mtu anayeitikia amri. Hakukuwa na mlio wowote. Mwili wake ulikuwa umeshajikunja kabla ya mlio usiokuwepo.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Umeona? Bunduki haina kosa. Ni mie niko naingia chini ya meza."

Nikafungua kichupa cha pilipili, nikakifunga.

Mambo mengine niliyapata kwa Mama Shemasi, jikoni kwake, nilipokwenda kuomba radhi kwa mwaka mzima wa kuulizia masufuria. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha.

"Shemeji, siku ameileta ile kitu hapa, nililala kwa dada yangu. Mie nilikimbia bunduki na mtoto mugongoni. Sikuvuka maji ili niikute chumbani kwangu imelala kama mugeni."

"Mbona iko bado?"

"Aliniambia, ile sauti inamufuata. Akasema, sauti unayopika mwenyewe haikutishi, kwa hiyo niache niipike mpaka inizoee. Nikamwambia, sawa, nakupa sikukuu tatu za Julai. Ukikaa mezani fataki zikilia, mpaka chai yako iishe, ibaki. Ukiingia chini mpaka ya tatu, itoke. Nyumba moja haiwezi kuweka bunduki na mutu mwenye kuiogopa."

"Na ya kwanza, mwaka huu?"

"Mwaka huu aliomba zamu ya siku ile. Akajificha ghalani. Nimeihesabu."

Ndipo nikakumbuka kwamba Julai ile nilimwona akiendesha foklifti peke yake katika ghala tupu, akihamisha maboksi yasiyohitaji kuhamishwa, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilisahau kwamba ni sikukuu.

Julai ya pili, 2019, alikuja mezani kwangu. Nilinunua meza nzito zaidi, sijui kwa nini, labda nilifikiri tatizo ni meza. Mlio wa kwanza ulipopigwa hakushuka. Alishika ukingo kwa mikono miwili, magoti yakagonga meza, chai yote ikamwagika kwenye sahani yangu. Mama Shemasi alitazama kikombe kitupu.

"Nusu," alisema.

"Nusu ni kitu," mumewe akasema.

"Nusu si chai."

Toka hapo nikawa mpakiaji wake rasmi. Mimi, ambaye kwenda dukani naita safari, nilikuwa nikiamka Jumamosi kwenda kuchomeka risasi za plastiki. Nilimfichia ya plastiki iwe ya kwanza, nikamfichia iwe ya mwisho, siku nyingine nikaweka tatu mfululizo kwa ukatili tu. Mtutu uliendelea kuinama, lakini kidogo, kisha kidogo zaidi, na kila mara aliandika. Alinifundisha kupumua: vuta, toa nusu, ngoja pale ambapo mwili hautaki kitu. Nilikijaribu kitu hicho kwenye ngazi za ghalani nikakaribia kuzimia. Na tabia zake zilibaki zilezile za kunichanganya. Mtu aliyejifunza kulenga kifuniko cha soda kwa yadi mia alikuwa hawezi kuua mende. Anamfunika kwa glasi, anapitisha bahasha chini, anamtoa nje. "Naye ana safari zake," alikuwa akisema.

Mwanzoni mwa 2020, kabla ya ugonjwa kufunga kila mlango, tulikwenda Houston kwa harusi ya binti wa kanisa, mtaa wa Alief. Saa nne nzima garini; nilitapika mara moja tu. Ukumbi ulikuwa umejaa maputo, na bwana mmoja mwenye sigara, ambaye Mungu amsamehe, akasogelea lango la maputo. Yalipasuka yote kwa mfululizo. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Nilimtafuta Shemasi chini ya meza kwanza, kwa mazoea. Hakuwepo. Alikuwa kitini, glasi mkononi, soda inatetemeka juujuu tu, haimwagiki. Mama Shemasi aliiangalia ile glasi kama mwamuzi. Lakini ilikuwa Februari. Mkataba ulikuwa wa Julai.

Kisha ukumbi wetu wa ibada ukafungwa, uwanja wa shabaha ukafungwa, zamu yetu ghalani ikagawanywa, na dunia nzima ikaanza kuishi kama mimi. Watu walilalamika kukaa ndani. Mimi nilikuwa najiona nimepandishwa cheo. Sikumwona Shemasi kwa karibu ila kupitia dirisha. Nilitambua tu kwamba begi refu halitoki, nikahofia kwamba mazoezi yamekatika na Julai ya tatu inakuja.

Ikaja. Tukaweka meza mbili nje, mbalimbali kama ilivyotakiwa, wao yao, sisi yetu. Shemasi alikuwa amekonda kidogo, barakoa ya kitenge imening'inia sikio moja. Mama Shemasi akamimina chai, ikafika ukingoni, kwa makusudi.

"Ya tatu," alimwambia.

"Niko najua."

Hatukungojea sana. Vijana wa jengo la nyuma walikuwa wamefungiwa miezi mitatu na hasira zao zote walizinunulia fataki. Mkanda wa kwanza ulilia. Niliacha kutafuna. Shemasi alivuta pumzi, akatoa nusu, akangoja. Mkono ukaenda kwenye kikombe, ukakiinua, akanywa. Mkanda wa pili. Akanywa. Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta, wala kikombe hakikuyumba. Mke wangu alinishika mkono. Shemasi akanywa mpaka mwisho, akakigeuza kikombe kwenye kisahani, kifudifudi.

Ile sauti ya Mama Shemasi ya kusimamisha lori haikupatikana. Alitumia nyingine, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Basi. Ibaki."

"Haiko," Shemasi akasema.

"Haiko nini?"

"Bunduki. Nimeiuza Machi. Nilimurudishia yule aliyeniuzia."

Nilidhani nimesikia vibaya, maana historia yangu ya kusikia mnaijua. "Shemasi! Miaka mitatu ile! Mchele ule! Ju ya nini?"

Alicheka, maana nilikuwa nimesema kikwao bila kujua. "Petit, badilisha kimoja. Nilitaka kujua kama ni mie niko nakaa, ao ni bunduki iko nanikalisha. Sasa ninajua."

Mama Shemasi aliifuta meza ambayo haikuwa chafu. Aliifuta mahali palepale, muda mrefu. Kisha akasema, "Ungeniambia, nisingejaza chai ile namna hii."

"Ungejaza," mumewe akamwambia.

Nilifungua kinywa ili niseme jambo la maana, kitu cha kidato cha nne, cha kufunga mazungumzo. Hapo vijana waliwasha ile kubwa, waliyokuwa wameiweka ya mwisho. Sijui iliundwaje. Ilipiga kifuani kabla ya kufika masikioni, madirisha yakalia, magari yote ya maegesho yakaanza kupiga kelele.

Kilichofuata nasimuliwa. Najua tu kwamba nilikuta nyasi mdomoni na pilau kichwani, na nimekumbatia mguu wa meza, ile meza nzito niliyoinunua mwenyewe. Mimi ambaye vita naijua kwa redio.

Kisha kitambaa cha meza kikainuliwa, na uso wa Shemasi ukachungulia, barakoa inaning'inia, macho bado yana maji. Aliitazama hali niliyokuwa nayo, akaniletea kijiko changu kilichoanguka.

"Petit," aliniuliza kwa upole, "uko napika nini huko?"